Uganga wa Wachina una chuo, wetu unazikwa na wazee

Jumapili iliyopita dadangu aliniita nyumbani kwake Kwale kwa jambo ambalo alisema halisemeki kwa simu. Nilipofika nilikuta baraza limekwisha kukaa: shemeji yangu na ndugu zake wawili upande mmoja wa mkeka, dadangu upande wa pili, na katikati yao karatasi moja yenye mhuri mwekundu. Ilikuwa ni barua ya kumkubali mpwa wangu katika chuo kimoja nchini Uchina akasomee tiba asilia ya Kichina, ile ya sindano na mitishamba. Masomo yenyewe ni ya miaka mitano, na kabla yake sharti aketi mwaka mzima akijifunza lugha.

"Shikamoo mjomba," binti aliniamkia, kisha akaketi karibu na mlango kama mshitakiwa anayengoja hukumu.

Shemeji hakuzunguka mbuyu. "Wewe ni mtu wa magazeti, umesoma," aliniambia. "Hebu niambie. Mimi niuze shamba la minazi aliloniachia marehemu baba ili mtoto wangu akasomee uganga? Kwani waganga hapa wamekwisha?"

Ndugu zake walicheka. Binti hakucheka, na dadangu hakucheka. Nami, licha ya kusifiwa kwamba nimesoma, sikuwa na jibu lililoiva. Niliomba juma moja nikafikiri. Makala haya ndiyo majibu niliyoahidi, na nayatoa hapa hadharani kwa sababu yamkini si mzazi mmoja tu nchini mwetu aliyewekewa karatasi ya namna hiyo mkekani.

Nianze na lile neno lililowachekesha wazee. Uganga katika Kiswahili halikuwa neno la aibu. Hadi hii leo jirani zetu wa Tanzania humwita mkuu wa madaktari nchini Mganga Mkuu wa Serikali, na wilayani wana Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu aliyesoma udaktari wa hospitali na kutunukiwa shahada. Ni sisi wa upande huu tulioliacha neno hilo lichukuliwe na watu wanaobandika makaratasi kwenye nguzo za umeme, wakiahidi kurejesha wapenzi waliotoroka, kushinda kesi mahakamani na kuongeza nyota ya biashara. Kosa hilo halikuanza jana. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1925 ilimtia hofu kila aliyebeba mkoba wa dawa, na hofu hiyo haikujua kumtenga anayechimba mizizi ya kutibu tumbo na anayedai kuroga. Mjuzi wa miti alijificha, laghai akajitokeza mbele, na jina la mganga likachafuka.

Aidha, kuna neno la pili ambalo shemeji hakulitaja ingawa limeandikwa kwenye ile barua, nalo ni neno chuo. Wazee wa pwani wanajua kwamba chuo, kabla ya kuwa jumba lenye madarasa na mabweni, maana yake ilikuwa kitabu. Mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Basi swali lenyewe, ukilitazama vizuri, si kwamba binti huyu akasomee uganga au asisomee. Swali ni kwa nini uganga wa Wachina una chuo, na wa kwetu hauna.

Wachina hawakuanza jana. Kitabu chao cha msingi wa utabibu, Huangdi Neijing, kilikusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwanafunzi wa leo bado hukifungua darasani. Mnamo mwaka 624, wakati wa utawala wa ukoo wa Tang, ofisi ya matabibu ya kifalme ilikuwa tayari na idara ya kufundishia tiba ya sindano, yenye walimu, wanafunzi na mitihani. Mwaka 1027 tabibu mmoja aliyeitwa Wang Weiyi alisimamia kuundwa kwa sanamu mbili za shaba zenye kimo cha mtu mzima, zilizotobolewa vitundu mahali pa kuchomea sindano. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta hadi vitundu vyote vikazibika, ikajazwa maji ndani, kisha mwanafunzi akatakiwa kuchoma. Akipatia, maji yalichuruzika. Akikosea, hapakutoka kitu, naye alirudi kusoma. Hapakuwa na nafasi ya kusingizia mizimu.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba elimu hiyo ililelewa kama yai tangu hapo. Mwaka 1822 mfalme wa wakati huo alipiga marufuku tiba ya sindano katika chuo cha matabibu wa ikulu. Mwaka 1929 serikali ya Uchina, ambayo viongozi wake walitaka nchi ifanane na Ulaya, ilipokea pendekezo la kuikomesha kabisa tiba ya kale. Matabibu walikusanyika Shanghai mwezi Machi mwaka huo wakapinga kwa sauti moja, wengine wakifunga maduka yao ya dawa, na pendekezo hilo likakwama. Naam, hata Wachina waliwahi kuionea haya tiba ya babu zao jinsi shemeji anavyoionea haya ya kwetu. Tofauti ni kwamba wao walijadiliana, na mwishowe wakaamua kuipeleka shule. Mwaka 1956 serikali ilianzisha vyuo vinne vya tiba hiyo katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Mwaka 1975 pakafunguliwa vituo vya kufundishia wageni tiba ya sindano katika miji ya Beijing, Shanghai na Nanjing, na tangu hapo watu kutoka kila pembe ya dunia wamepita huko.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wamekutana na sindano hizo muda mrefu. Kundi la kwanza la madaktari wa Kichina lilifika Zanzibar mwaka 1964, miezi michache baada ya mapinduzi, na makundi yaliyolifuata miaka nenda miaka rudi yaliwaletea wagonjwa wa visiwani tiba ya sindano pamoja na ile ya hospitali.

Je, mwanafunzi hufanya nini miaka mitano yote hiyo? Shemeji anadhani ataketi chini ya mti na mzee mwenye ndevu. La hasha. Kwanza huwekewa mbele yake masomo yale yale ambayo mwanafunzi wa udaktari hukutana nayo: umbile la mwili, utendaji wa viungo, kemia, magonjwa na vijidudu vyake. Pamoja na hayo hujifunza nadharia ya kale: yini na yangi, yaani hali mbili zinazopingana na kukamilishana kama kivuli na jua, mambo matano ya mti, moto, udongo, madini na maji, na mikondo 14 ambayo inaaminika kwamba nguvu ya uhai hupita ndani yake mwilini. Katika mikondo hiyo kuna vituo 361 vya kuchomea sindano, na kila kimoja kina jina, mahali na kazi yake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa mahali pa vituo hivyo mwaka 2008 ili aliyesomea Beijing na aliyesomea Tokyo wasibishane juu ya goti la mgonjwa.

Vituo hivyo havipimwi kwa rula. Hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa upana wa kidole chake cha gumba, kwa kuwa kipimo cha jitu hakimfai mtoto. Kipo kituo kimoja mashuhuri mguuni kiitwacho Zusanli. Hukipata kwa kushuka upana wa vidole vinne chini ya kifuu cha goti, kisha kusogea upande wa nje wa mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Kabla ya kukichoma kwa mtu, mwanafunzi hujizoesha kuchoma bunda la karatasi, pamba iliyofungwa kitambaani, hata machungwa, mpaka mkono wake uache kutetemeka. Baadaye hujichoma mwenyewe, na wanafunzi huchomana wao kwa wao. Hapo ndipo anapojifunza kwamba sindano ikiingia vyema mgonjwa huhisi uzito au ganzi, wala si uchungu mkali. Hapo pia ndipo anapofahamu kwa nini alilazimishwa kusoma umbile la mwili: sindano ya kifuani ikizama kupita kiasi huweza kutoboa pafu.

Hujifunza kumchunguza mgonjwa kwa njia nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza na kugusa. Hutazama ulimi, rangi yake na utando wake. Hushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu akisikiliza mapigo mahali patatu, mkono wa kulia na wa kushoto. Hata kuumika, ambako sisi tulitumia pembe, wao hukufundisha darasani kwa vikombe vya kioo.

Kisha kuna dawa. Mwaka 1596 kilichapishwa kitabu cha Li Shizhen, tabibu aliyetumia miaka 27 kukusanya habari za dawa 1,892, akitembea mashambani na milimani kuwauliza wakulima, wavuvi na wawindaji. Mwanafunzi wa leo hana haja ya kuzijua zote, ila mamia kadhaa hana budi kuyatia kichwani: jina, ladha, kazi, kipimo na hatari yake. Dawa hazichanganywi ovyo. Mchanganyiko uliotungwa vizuri hupangwa kama serikali: ipo dawa iliyo mfalme, ipo iliyo waziri, ipo msaidizi, na ipo iliyo tarishi wa kuzifikisha nyingine mahali panapouma. Zipo pia dawa ambazo kamwe hazikutanishwi katika chungu kimoja, na wanafunzi huzihifadhi kwa tungo zenye vina. Mwaka 1694 Wang Ang alitoa kitabu kizima cha michanganyiko ya dawa kwa mashairi ili iwe rahisi kukumbukwa. Hapo nilitabasamu. Sisi tuliotia elimu ya dini, ya malezi na ya mabaharia katika tenzi, tulishindwaje kuutia mwarobaini?

Sasa nije kwa habari ambayo shemeji ameinywa pasipo kuijua. Miaka michache iliyopita alishikwa na malaria kali, akapewa vidonge zahanatini, na siku ya tatu alikuwa juu ya mnazi. Miongoni mwa viungo vya vidonge hivyo kuna dawa ambayo asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao kwa Kichina. Aliyeivumbua ni mama mmoja aitwaye Tu Youyou. Mama huyu alisomea famasia ya kisasa mjini Beijing. Kisha, kuanzia mwaka 1959 hadi 1962, alirudishwa darasani kusomea tiba asilia ya Kichina katika mafunzo maalumu ya watu waliokwisha kusomea tiba ya kisasa.

Serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria mnamo Mei 23, 1967, wakati wa vita vya Vietnam, ambako malaria iliwaua askari na dawa za zamani zilikuwa zimeanza kushindwa. Tu Youyou alipotwikwa mzigo huo mwaka 1969 hakuanza kwa kukisia. Alifungua vitabu vya kale na kuwahoji wazee, akakusanya maagizo ya dawa yapatayo 2,000. Kikundi chake kikajaribu zaidi ya michujo 380 kutoka mimea 200 hivi. Pakanga ilionyesha dalili njema, kisha ikawaangusha: leo yafaa, kesho haifai. Ndipo akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, akaona kwamba yeye aliagiza mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa. Hakusema uchemshwe. Mama yule akang'amua kwamba huenda ni moto uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mchujo nambari 191, wa mwezi Oktoba mwaka 1971, ukawaponya panya wote wa maabara. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walijitolea kuinywa dawa hiyo kwanza ili wahakikishe haina madhara, ndipo ikapelekwa kwa wagonjwa kisiwani Hainan. Mwaka 2004 Kenya iliamua kuiweka dawa ya kundi hilo kuwa tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida, na mwaka 2015 Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Neno moja la onyo: asitokee mtu akachemsha pakanga bustanini akasema amesoma gazetini. Shirika la Afya Duniani linapinga kutibu malaria kwa chai ya mmea huo, kwa sababu kipimo chake hakijulikani na vimelea huzoea dawa inayotolewa nusunusu.

Funzo la hadithi hiyo si kwamba kila kilichoandikwa na wahenga ni kweli. Yale maagizo 2,000 yaliletwa mbele ya kipimo, na mengi mno yakaanguka. Lakini kama Ge Hong asingeandika, hakuna ambaye angekuwa na la kupima.

Kwa hivyo sitamficha shemeji upande wa pili wa shilingi. Zile njia 14 za nguvu ya uhai hazijaonekana na mpasuaji yeyote aliyefungua mwili wa binadamu. Nchini Ujerumani, utafiti uliotolewa mwaka 2007 uliwachunguza wagonjwa zaidi ya 1,100 wa maumivu sugu ya mgongo. Kati ya waliochomwa sindano penye vituo, karibu asilimia 48 walipata nafuu. Kati ya waliochomwa juu juu mahali pasipo kituo, asilimia 44 walipata nafuu. Kati ya waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27. Mwenye kuipenda sindano atasema imeishinda dawa, na atakuwa amesema kweli. Mwenye kuishuku atasema mahali pa kuchoma hapakuwa na maana kubwa, naye atakuwa amesema kweli. Mwanafunzi muungwana hana budi kuyabeba yote mawili, na mgonjwa wa saratani au kifua kikuu anayekuja kwake amwelekeze hospitali siku hiyo hiyo.

Mitishamba nayo si maziwa ya mama. Mapema katika miaka ya 1990, mjini Brussels nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitafuta kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mmea wa Kichina uliochanganywa kimakosa na mwingine wenye jina linalokaribiana nao. Wengi figo zao zilikufa, na wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Jina moja tu kukosewa, na maisha ya watu yakaharibika. Ndiyo maana mtu husoma miaka mitano.

Halafu kuna madhila ya wanyama, ambayo sisi Wakenya tumeyaona kwa macho yetu. Kuanzia mwaka 2016 yalifunguliwa machinjio ya punda Naivasha, Baringo na kwingineko ili ngozi zipelekwe Uchina, huko zichemshwe kutengeneza dawa iitwayo ejiao, inayosemekana kuongeza damu. Wezi wakaingia mabomani. Mama aliyetegemea punda kuteka maji akaamka akute mabaki porini. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka 2021, na Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani kote. Wachina wenyewe waliitoa pembe ya kifaru katika orodha ya dawa zao mwaka 1993, na magamba ya kakakuona mwaka 2020. Binti yetu atakapofundishwa somo la ejiao, na awakumbuke akina mama wa Baringo. Kuheshimu elimu ya mtu si kumezwa nayo.

Baada ya kusema hayo, sasa niseme la kwetu, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi juma zima.

Nyanya yetu mzaa mama, mimi na dadangu, alikuwa mjuzi wa miti. Watoto wa kijiji kizima waliletwa kwake kwa chango, kwa manjano, kwa vidonda visivyokauka. Hakuwa akipiga ramli wala kutoza ng'ombe. Alitoka alfajiri na panga dogo, nami nyuma yake nikibeba kikapu. Alipofika kwenye mti alibandua gome upande wa mawio, kisha upande wa machweo, basi. Nilimuuliza kwa nini asibandue mti mzima tukarudi nyumbani mapema. Alinijibu kwamba mti ni kama mtu, huvuliwa nguo lakini hauachwi uchi. Mimi, mtoto wa shule, nilifikiri ni ushirikina.

Mwaka 1984, nikiwa chuo cha ualimu, nilirudi likizo nikamkuta amelala. Aliniambia nilete kalamu na daftari anitajie miti. Nilimwambia, "Nyanya, pumzika kwanza, tutaandika nikirudi." Niliporudi, nilirudia mazishini. Dadangu anakumbuka dawa ya chango, lakini hana hakika ni mizizi ya mti gani kati ya miwili. Dawa ya manjano hakuna anayeikumbuka. Hatukujua kama ilitibu kweli au la, wala hatutajua, maadamu hakuna kilichobaki cha kupeleka maabara.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mti uitwao muiri huko milimani, ambao magome yake hutafutwa na viwanda vya Ulaya kwa dawa ya tezi ya wazee wa kiume. Wakataji walibandua magome kuuzunguka mti, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Mwaka 1995 ulitiwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake sharti idhibitiwe. Hapo ndipo nilipoelewa mawio na machweo ya nyanya. Ulikuwa utunzaji wa misitu, na mwalimu wake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sisemi kwamba hatujafanya lolote. Profesa John Kokwaro alitoa kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976. Taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo cha kuchunguza dawa za asili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua tiba ya asili na ya badala, ikaagiza isimamiwe kisheria. Lakini maneno ya sheria ni mbegu, nayo mbegu ghalani haimshibishi mtu. Tunahitaji madarasa ambamo kijana wa Kwale, wa Meru au wa Kakamega ataweza kusomea miti ya kwao sambamba na kemia na umbile la mwili, akatahiniwa, na akishindwa akaambiwa ameshindwa. Tunahitaji daftari la waganga wa kweli, ili yule wa kwenye nguzo ya umeme aulizwe alisomea wapi. Tunahitaji pia mapatano yatakayomhakikishia mzee anayefunua siri yake kwamba haitaibwa na kampuni, naye na wanawe waachwe mikono mitupu.

Basi shemeji, jibu langu ni hili. Usiuze shamba. Binti aombe kwanza ufadhili, kwa kuwa serikali ya Uchina hutoa nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika, na alama zake za bayolojia na kemia zinamruhusu kujaribu. Akikosa, mwambie aanzie famasia au elimu ya mimea hapa nchini. Tu Youyou naye alianza na famasia ya kisasa. Pili, kabla ya kupanda ndege, aende mwenyewe kwa wanaosajili madaktari aulize shahada hiyo itamruhusu kufanya nini arudipo, wala asiridhike na maneno ya wakala anayemtafutia chuo. Miaka sita ni mingi mno kuipoteza kwa jambo ambalo lingejulikana kwa kuuliza asubuhi moja. Tatu, akienda, asirudi na sindano peke yake. Arudi na ile tabia ya kuandika, ya kupima, na ya kukiri kosa sanamu inapokataa kutoa maji.

Nawe dadangu, Jumapili ijayo nitakuja na daftari. Yuko bado yule mama mzee wa ng'ambo ya mto, rafiki wa nyanya, ambaye macho yameingia ukungu lakini kumbukumbu haijapotea. Mpwa wangu atashika kalamu, mimi nitabeba kikapu. Safari hii sitamwambia mtu apumzike kwanza, kwani ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwetu imekwisha kutuzikia dawa ya matumbo yenyewe.